Kumi na Sita za Kimya

Jumanne, saa moja usiku, tunasukuma gari la zimamoto
nje kwenye theluji
ili tupate nafasi ya kukosea.
Kituo kinanuka mpira, dizeli,
na kahawa ya Hilkka inayochemka tangu mchana.
Tauno anaivisha ngoma yake kubwa blanketi.
Jouko analamba kidole, anafunua kurasa asizozisoma.
Nami nimekumbatia gitaa la besi,
nyuzi nne baridi kama reli.

Tunapiga tango.
Silo lile la kachumbari; hii ya kwetu Kainuu,
ya watu wasiojua kusema "nakupenda"
mpaka kodiani iwasemee.

Mwamba ngoma huvutia kwake,
nasi tulikuwa waambaji watano.
Tauno alivuta mbele, kama mtu aliyeacha maziwa jikoni.
Jouko alivuta nyuma, kila neno akilibusu mara mbili.
Mimi nilivuta chini, nikijidhani msingi wa nyumba.
Tulianza pamoja,
tukamaliza mmoja mmoja
kama watu watokao mazishini.

Raili ndiye mwenye bendi.
Miaka thelathini alipakia samaki kiwandani,
na kodiani humkalia mapajani kama mjukuu mzito.
Hakufoka.
"Pigeni kumi na sita," alisema,
"mnyamaze kumi na sita,
kisha mrudi.
Marufuku kuhesabu kwa midomo. Marufuku kugonga mguu."

Tulirudi kama sahani zilizoponyoka.

Wiki iliyofuata, sahani zilezile.

Februari akazima taa.
Gizani nikayajua yale niliyofichwa na macho:
kwamba Hilkka huvuta pumzi puani
kabla upinde haujagusa uzi,
kwamba kiti cha Tauno hulia
pigo moja kabla yake,
kwamba Jouko, simba wa jukwaani,
humeza mate kama mtoto mbele ya sindano.
Kimya nacho kina mizani.
Kina sakafu, kina kuta,
unaweza kutembea ndani yake usigonge kitu
ukishajua wenzako wameketi wapi.

Usiku mmoja, siukumbuki tarehe,
tulirudi sote kwa pigo moja.
Hakuna aliyeshangilia.
Raili akasema, "Tena."

Juni. Ukumbi wa mbao kando ya ziwa,
jua limegoma kuzama saa tano usiku,
mbu nao wana bendi yao.
Wachezaji mia mbili, kifua kwa kifua,
nyuso kavu kama za mashahidi mahakamani.
Katikati ya tango ya tatu
kodiani ikakatika.
Vidole vya Raili vilikuwa juu ya vitufe, macho mlangoni.
Pale alisimama mwanamume ameshika kofia.
Simjui. Mpaka leo sijauliza.

Tauno angeweza kuendelea. Hakuendelea.
Jouko alifumba mdomo juu ya nusu ya neno.
Hakuna aliyemtazama mwenziwe;
tulikuwa tumeshaishi mle ndani, majira yote ya baridi.
Na chini yetu soli hazikusimama,
zilifagia mbao, swaa, swaa,
watu mia mbili wakicheza pumzi zetu.
Kwenye kumi na tatu, Hilkka puani.
Kwenye kumi na tano, kiti.

Kisha sote.
Hata yeye. Kodiani ikafunguka
kama mlango ambao haukufungwa kamwe.

Baadaye mzee mmoja, shati limemganda mgongoni,
akaja kuuliza ni nani aliyetunga pengo lile.
"Kituo cha zimamoto," Tauno akamjibu,
na mzee akaitikia kwa kichwa, kana kwamba anamfahamu.

Jumanne tukasukuma gari nje.
Sasa palikuwa na nyasi pahali pa theluji.
Raili alifungua mikanda ya kodiani, akanitazama.
Nilingoja anisimulie habari za yule wa kofia.
"Besi ilichelewa kidogo," akasema.
"Tena."